Mazoezi ya vikundi ya kusimama na kutembea katika mafunzo ya watu wazima: tuyaendeshe vipi huku kwetu?

Mkufunzi wa Wete ameuliza:

Assalaam alaykum wakufunzi wenzangu wa Unguja na Pemba.

Ninatayarisha mafunzo ya siku tatu kwa wajumbe wa kamati za wavuvi za shehia pamoja na akina mama wanaolima mwani na kuchokoa pweza katika Wilaya ya Micheweni. Mada yenyewe ni usimamizi wa mwamba unaofungwa kwa muda ili pweza wapate kukua, utaratibu ambao baadhi ya vijiji vya Pemba vimeshaufuata na vyengine bado vinaujadili. Washiriki watakuwa 30, wanawake na wanaume takriban sawa kwa sawa, kuanzia vijana hadi wazee waliopindukia miaka sitini, na miongoni mwao atakuwapo sheha, yaani kiongozi wa shehia.

Sipendelei kuyaendesha kwa mihadhara. Katika mafunzo mengi ya aina hii mtaalamu husimama mbele ya bango kitita, hueleza kwa muda mrefu, kisha huuliza kama kuna swali, na wanaonyanyua mikono ni walewale watatu au wanne waliozoea kusema mbele za watu. Mama aliyekaa karibu na mlango, ambaye hushuka mwambani kila bamvua, maji yanapokupwa sana, na anayajua mashimo ya pweza kuliko mtaalamu yeyote, huondoka bila ya kusikika. Kwa hiyo ninakusudia kutumia mazoezi ya vikundi ambayo yatawafanya watu wainuke, watembee na waonyeshe mawazo yao kwa pahala wanaposimama.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, ni mazoezi gani yanayobeba somo lenyewe, si kuwazindua watu usingizi tu baada ya chakula cha mchana? Pili, yatafanywaje katika kundi lenye wanawake na wanaume, wazee na vijana, bila ya kumvunjia mtu heshima yake, na bila ya kila mmoja kumfuata sheha au mzee anayeheshimika kule alikosimama?

Mwezeshaji wa Kusini Unguja amejibu:

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, kaka. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeshatenganisha vitu viwili ambavyo wengi wetu huvichanganya. Kichangamshi ni dakika tano za kunyoosha mwili, na kina faida yake, lakini ukikiondoa katika ratiba somo halipungukiwi na kitu. Zoezi linalobeba somo ni lile ambalo ukiliondoa, washiriki wanakosa jambo ambalo wasingelipata kwa kusikiliza. Mimi hulipima kila zoezi kwa kipimo hicho kabla ya kuliingiza katika ratiba, na mengi yaliyomo katika vitabu vya mwongozo hayapiti.

Kwa kuanzia siku ya kwanza, nakushauri ramani ya kusimama. Ifanye sakafu ya ukumbi iwe kisiwa cha Pemba: ukuta mmoja uwe kaskazini, wa mkabala wake uwe kusini, weka jiwe mahali pa Micheweni, jengine Wete, jengine Chake Chake katikati na jengine Mkoani. Kila mmoja asimame palipo kijiji chake na ajitambulishe kwa aliye karibu naye. Baada ya hapo endelea na maswali ya kazi: nenda usimame pale unapouza pweza wako, kisha pale alipo mtu unayempelekea malalamiko mwamba unapovamiwa. Katika robo saa utaona nani husafiri mbali, nani wanamtegemea mnunuzi mmoja, na ni vijiji gani vinagombania mwamba mmoja, na wao wenyewe wataliona hilo kwa wakati mmoja na wewe. Hakuna aliyelazimika kuhutubia, na hata yule mama wa karibu na mlango ameshasema mambo matatu bila ya kufungua mdomo.

Zoezi la pili ni mstari wa maoni. Tandaza kamba kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwengine. Mwisho mmoja ni kukubali kabisa, mwisho wa pili ni kukataa kabisa. Soma sentensi moja iliyo wazi, kwa mfano: «Mwamba wetu ufungwe miezi mitatu hata kama wageni wa vijiji vyengine hawajakubali.» Watu wasimame panapolingana na rai zao, wazungumze kwanza na jirani kwa dakika mbili, ndipo uwaombe wachache waeleze sababu, ukianza na waliosimama mbali na wengi. Mtu aruhusiwe kuhama akisikia hoja iliyomgeuza, na akihama aulizwe ni hoja ipi. Sentensi iwe ya jambo ambalo watu wa kweli wanatofautiana. Ukisoma «pweza ni muhimu kwa uchumi wetu», wote watajazana upande mmoja na utakuwa umepoteza nusu saa.

Hofu yako ya watu kumfuata sheha ni ya haki, na dawa yake si kumwomba sheha atoke nje. Mpe kila mshiriki kijikaratasi, achore alama ya pahala atakaposimama kabla ya mtu yeyote kuinuka, kisha wainuke wote kwa pamoja. Kwa wasiosoma, mstari mmoja na alama moja hutosha. Njia nyengine ni kumwomba sheha na wazee wawili, mapema na kwa faragha, wawe wasikilizaji wa zoezi hilo: wakae, wasikilize sababu zote, na mwisho waseme ni hoja gani mpya waliyoisikia. Heshima yao imebaki juu, na vijana wamepata nafasi ya kusimama wanapotaka.

Sasa nifikie zoezi ambalo kwa mada yako ndilo la kulipa muda mwingi kuliko yote, nalo ni mchezo wa mwamba. Gawa washiriki katika vikundi vya watu watano, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Kila kikundi kichorewe duara kubwa la chaki au la kamba, huo ndio mwamba wao, na ndani yake tawanya komwe 40, ambazo ni pweza. Bao moja lina kete 64, kwa hiyo ukiazima mabao sita kutoka barazani una za kutosha vikundi sita, na za akiba zinabaki. Wavuvi wasimame hatua kumi kutoka kwenye duara, pwani. Ukitoa ishara, kila mmoja anatembea hadi mwambani, anachukua idadi anayoitaka, na kurudi. Baada ya kila mzunguko, komwe zilizobaki huongezwa ziwe mara mbili, lakini kamwe zisizidi 40, kwa sababu mwamba nao una ukomo wake.

Mizunguko ya awali ichezwe kimya kabisa, bila ya kushauriana. Hesabu yake ni hii. Kila mmoja akichukua nne, zimetoka 20, zinabaki 20, na mzunguko unaofuata mwamba umejaa tena 40. Wanaweza kuendelea hivyo hadi magharibi. Kila mmoja akichukua sita, zimetoka 30, zinabaki kumi, zinakuwa 20, na safari ijayo watano hao wakitaka sita sita hazitoshi na mwamba umekwisha. Usiwaambie hesabu hii. Waache waione komwe zikiisha mikononi mwao, kisha ruhusu mzunguko mpya ambao wanaweza kuzungumza na kuwekeana masharti. Hapo ndipo kila swali la kamati ya wavuvi litakapojitokeza lenyewe: nani atahesabu, aliyezidisha atafanywa nini, mgeni aliyekuja na mtumbwi wake atazuiwaje. Ukitaka, mpe mtu mmoja kazi ya kuwa mgeni anayeingia katika mzunguko wa tatu bila ya kujua masharti.

Usifanye kosa la kuupa mchezo saa nzima na mazungumzo dakika kumi. Gawa nusu kwa nusu, na usiruke kwenye mafunzo ya jumla kabla watu hawajasimulia kilichotokea. Anza na «mlifanya nini?», fuata na «kwa nini wewe ulichukua saba?», kisha «umeyaona wapi haya kwenye mwamba wetu?», na mwisho «tukubaliane nini?». Yanayosemwa baada ya swali la tatu ndiyo maudhui ya siku yako ya pili. Wakati huo ndipo mtaalamu anapoweza kueleza kwamba pweza wa miamba yetu hukua kwa kasi kubwa, na kwamba jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake na kufa mara yanapoanguliwa, kwa hiyo kumwacha kwa wiki chache kuna maana kubwa kuliko kumwacha samaki anayechukua miaka kukua. Maelezo hayo yakitolewa asubuhi kabla ya mchezo husikilizwa kwa adabu. Yakitolewa baada ya komwe kwisha, watu huyauliza wenyewe.

Mwalimu wa Kituo cha Walimu, Mjini Magharibi, amejibu:

Naungana na Bi Mwezeshaji, na nina jambo la kuongeza kuhusu hoja tunazozitumia tunapoyatetea mazoezi haya mbele ya wakuu wetu. Mara nyingi huonyeshwa mchoro wa pembetatu unaodai kwamba mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachokitenda. Naomba tuuache. Mchoro wa asili, wa Mmarekani Edgar Dale, uliotoka mwaka 1946, haukuwa na asilimia hata moja, na namba hizo ziliongezwa na watu wengine baadaye. Vilevile tusiseme kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao hujifunza kwa mwili na wengine kwa masikio. Harold Pashler na wanasaikolojia wenzake walipozipitia tafiti za dai hilo mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulijengea ufundishaji. Mkufunzi anayetetea jambo jema kwa hoja dhaifu hulidhoofisha jambo lenyewe.

Hoja iliyo imara ni nyepesi zaidi. Mtu mzima anakuja na uzoefu, na anajifunza pale uzoefu huo unapotolewa nje, ukaangaliwa, ukapewa maana, kisha ukajaribiwa upya. David Kolb aliueleza mzunguko huo mwaka 1984, na maswali manne aliyoyataja Bi Mwezeshaji yanaufuata takriban hatua kwa hatua. Kusimama na kutembea ni namna ya kuutoa uzoefu nje haraka, mbele ya wote, kwa watu ambao kalamu si rafiki yao wa kila siku.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mapema miaka ya 1980 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, na kutumia ngoma na maigizo pamoja na wanakijiji ili kuyajadili matatizo yao wenyewe. Kabla ya hapo Augusto Boal wa Brazili, alipokuwa Peru mwaka 1973 katika mpango wa kisomo cha watu wazima, aliwataka washiriki waonyeshe hali zao kwa kuipanga miili yao kama picha isiyosema. Zoezi hilo la picha linakufaa siku ya pili: kila kikundi kionyeshe siku mwamba unapofunguliwa, nani amesimama mbele na mchokoo wake, nani yuko nyuma, mnunuzi yuko wapi, mjumbe wa kamati anatazama wapi. Wengine waitazame picha na waseme wanachokiona kabla ya kikundi kujieleza. Katika maelezo ya asili, mtu humpanga mwenziwe kwa mikono. Huku kwetu muelekeze kwa maneno tu, na hakuna kinachopotea.

Nina tahadhari juu ya zoezi moja linalopendwa sana, lile la kupiga hatua mbele. Mwezeshaji husoma sentensi kama «ninaweza kumpeleka mtoto hospitali bila ya kukopa», na ambaye inamhusu hupiga hatua. Likifanywa kwa maisha ya kweli ya washiriki, unawaanika maskini wa kijiji mbele ya majirani zao, na huo si ufundishaji. Gawa kadi zenye wahusika wa kubuni: mjane anayelima mwani, mwenye boti ya mashine, kijana anayevua kwa miguu, mnunuzi kutoka mjini. Mtu asimame kwa niaba ya kadi yake, na mwishoni airejeshe kadi na kutaja kwa sauti kwamba yeye si mhusika yule. Hatua hiyo ya kuivua nafasi ya kubuni isirukwe hata kama muda umekwisha.

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake, amejibu:

Mimi nitazungumzia miili tu. Katika watu 30 wa umri uliouandika, usishangae kuwakuta wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, mama mjamzito, na mama ambaye mgongo wake umechoka kwa miaka ya kuinama kufunga mwani kwa taitai, vile vikamba vidogo. Usiwaulize hadharani. Wakati wa kuandikisha majina, waambie wote kwamba kila zoezi linaweza kufanywa kwa kukaa, na uweke viti kando ya kamba ya mstari wa maoni ili aliyekaa naye awe na pahala pake kwenye mstari. Aliye kwenye kiti cha magurudumu asipewe kazi ya kutazama. Kama yeye hawezi kufika pembeni, basi ukumbi ndio uliopangwa vibaya.

Mazoezi ya kukimbia na kugombania viti yafute moja kwa moja. Mama aliyevaa baibui au kanga mbili hakimbii mbele za watu, na sakafu ya saruji haina huruma kwa anayeteleza. Mwenye kisukari asicheleweshewe chakula kwa sababu mchezo umenoga. Wakati wa kaskazi, tafuta kivuli cha mwembe kuliko ukumbi wa bati. Ikiwa mafunzo yataangukia Ramadhani, mazoezi ya kutembea yawe asubuhi mapema na yawe machache.

Mjumbe wa Kamati ya Wavuvi, Kusini Pemba, amejibu:

Kwa idhini yenu wakufunzi, naandika kama mtu wa upande wa pili, mmoja katika hao wanaoinuliwa vitini. Mzee hachukizwi na kusimama. Huchukizwa na kupigiwa makofi kama mtoto wa chekechea na kuambiwa aruke bila ya kuelezwa kwa nini. Tuambieni kwanza zoezi linatafuta nini, kisha tutasimama na tutatembea. Mchezo wa komwe ulioelezwa hapo juu hata barazani tungeucheza, kwa sababu mtu anauona mwamba wake ndani yake.

Katika suala la wanawake na wanaume, kutowashikanisha mikono ni jambo la wazi, lakini liko jengine. Mke hatasimama upande wa kukataa ikiwa mumewe, au mkwewe, amesimama upande wa kukubali, hata kama ana hoja nzito. Afanye zoezi kwanza katika kundi la wanawake wenzake, na mwezeshaji wao awe mwanamke. Baadaye makundi mawili yakutane, kila moja likionyesha mstari wake wa maoni, na msemaji aseme «sisi». Nimeona akina mama wakisema kwa neno hilo mambo ambayo kwa neno «mimi» wasingeyatamka.

Pia tazama maji kabla ya kuweka tarehe. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika siku hizo maji hukupwa sana saa za asubuhi, saa zilezile ambazo wakufunzi hupenda kuanza kazi. Ukiita mafunzo bamvua, wachokoaji na wakulima wa mwani ama hawatakuja, ama watakuja wakiwa wamepoteza kipato. Weka mafunzo wakati wa maji mafu, yanapokuwa hayajai wala hayakupwi sana, na zingatia sala ya adhuhuri, ili zoezi lisikatwe katikati watu wakiwa bado hawajazungumza.

Mkufunzi wa Wete ameandika tena:

Nawashukuruni nyote, na Mzee wetu Mjumbe nakushukuru kwa namna ya pekee, kwani la mke na mkwe sikuliona katika mwongozo wowote. Nimeshaamua kuzihamisha tarehe ziingie katika maji mafu, na mwezeshaji mwenzangu mwanamke ataongoza kundi la akina mama siku ya kwanza na asubuhi ya siku ya pili. Siku ya kwanza itakuwa ya ramani na mchezo wa mwamba peke yake. Nilikuwa nimepanga mazoezi sita kwa siku, nimeyapunguza yakawa mawili.

Limebaki moja. Idara iliyoniagiza inataka ripoti inayoonyesha mafunzo yameleta nini. Mhadhara huacha maandishi kwenye bango kitita, lakini mazoezi haya yakishamalizika hubaki sakafu tupu. Yarekodiwe vipi?

Mwezeshaji wa Kusini Unguja amejibu:

Kaka, mweke mtu mmoja asiyeshiriki, kazi yake iwe kuandika tu. Katika mstari wa maoni achore mstari kwenye karatasi na aweke alama za watu walivyosimama mwanzoni, kisha mwishoni, bila ya majina. Picha za simu zipigwe kwa ruhusa tu, na akina mama waulizwe wakiwa peke yao, si mbele ya wanaume.

Lakini usiifanye idadi ya waliohama kuwa ndiyo matokeo. Mtu anaweza kuhama kwa haya, na anaweza kubaki alipo huku amejifunza mengi. Kinachofaa kuandikwa ni sababu, kwa maneno yaleyale waliyoyasema: kwa nini amehama, kwa nini hakuhama, ni sharti gani angelitaka liwepo ndipo akubali. Katika mchezo wa mwamba, andika kila kikundi kilibakisha komwe ngapi kila mzunguko, na masharti waliyowekeana waliporuhusiwa kusema. Siku ya tatu yasomeni masharti hayo kwa sauti, moja moja, na kila kamati ichague yale inayoweza kuyapeleka kwenye mkutano wa shehia yake, itaje nani atayapeleka na lini. Ripoti yako iambatanishe orodha hiyo, kisha urudi Micheweni baada ya bamvua mbili au tatu uulize ni lipi lililofika mkutanoni.